Tunapita Kwetu Bila Kusimama: Mahali pa Kula na Kutembea Kati ya Ruiru na Thika

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi wa Wadi ya Theta, Juja. Tumeondoa salamu za itifaki peke yake.

Niliombwa nizungumze nanyi kuhusu utalii wa ndani. Nilikaa mezani nikaandika kurasa tatu, na nilipozisoma kwa sauti nikasikia barua ya ofisi. Kila sentensi ilikuwa na neno "wadau". Basi karatasi zile nimeziacha kwenye gari. Nitawaambia tu mahali ninapokula na mahali ninapotembea, na kwa nini jambo hilo limenianza kunikosesha usingizi.

Desemba iliyopita binamu yangu alikuja na mkewe na watoto wawili. Yeye alilelewa Mombasa na hajawahi kuishi huku. Walikaa kwangu siku nne. Asubuhi ya siku ya pili, tukinywa chai, akaniuliza, "Kaka, sasa hapa kwenu kuna nini cha kuona?"

Mimi nimezaliwa Thika. Nina shahada ya uandishi wa habari. Nalipwa mshahara na nyinyi mnaonisikiliza, kazi yangu ikiwa kueleza habari za kaunti hii. Na jibu nililompa binamu yangu ni kuwapakia wote kwenye matatu na kuwapeleka Nairobi.

Tulikaa kwenye msongamano Githurai hadi mtoto mdogo akalala. Tulizunguka kwenye jumba la maduka. Tukala chipsi na kuku ambazo hata Mombasa zipo, pengine tamu zaidi. Jioni nikiwa njiani kurudi nikapiga hesabu kichwani: nauli kando, kila shilingi niliyotumia siku ile ilibaki nje ya kaunti. Hakuna mama mmoja wa Juja, Ruiru wala Thika aliyeuza hata andazi kwa sababu ya wageni wangu.

Tulipofika Juja, mtoto mkubwa akanyoosha kidole dirishani. "Ule moshi ni wa nini?" Mnaujua moshi ule. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na ule ni moshi wa mutura. Nikamwambia makanga atushushe.

Wacha nikae kwenye mutura kidogo, kwa sababu hapa ndipo siku ile ilipogeuka. Mutura hauliwi ukiwa umeketi. Unasimama mbele ya jiko la makaa kando ya bucha, unamwambia mchomaji "nikatie wa 50", anauvuta kutoka kwenye waya, anaukata juu ya ubao kwa kisu ambacho kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba, anamwaga chumvi pembeni na kachumbari yenye pilipili, nanyi mnakula kutoka ubao uleule, wewe na mtu usiyemjua. Pembeni kuna sufuria ya supu ya mifupa, unapewa kikombe. Mke wa binamu yangu aliuliza ndani kuna nini. Mchomaji, kijana mdogo tu, akamwambia bila kuficha: ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe, nyama ya kusaga, damu, vitunguu, dania na pilipili. Asiyekula damu kwa imani yake ajulishwe mapema, na kijana yule alifanya vizuri kusema ukweli. Mama alifikiri, akachukua kipande kidogo. Halafu akachukua kingine. Kufikia wakati tunaondoka, watoto walikuwa wakibishana na mwanafunzi wa chuo kikuu kuhusu timu ya mpira, na binamu yangu ameegemea nguzo kama mwenyeji.

Tulipokuwa tukitembea kwenda nyumbani akaniambia, "Hii ndiyo ungetuleta jana." Sikuwa na jibu.

Tulibaki na siku mbili. Nitawaeleza tulivyozitumia.

Asubuhi iliyofuata tulianza na Ruiru. Sisi watu wa huku tunaichukulia Ruiru kama mahali pa kubadilisha gari na kulipia kodi ya nyumba. Nilimpitisha binamu yangu kando ya mashamba ya kahawa ambayo bado yamesalia kati ya maghorofa, nikamwambia kwamba mkulima wa kahawa katika sehemu nyingi za Kenya analijua jina la Ruiru hata kama hajawahi kufika. Kuna aina ya mche wa kahawa inayoitwa Ruiru 11. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya utafiti wa miaka mingi katika kituo cha kahawa hapahapa Ruiru, kwa sababu ugonjwa wa chulewa pamoja na kutu ya majani ulikuwa ukiwamaliza wakulima kwa gharama ya dawa. Mche huu unahimili yote mawili. Mwaka 2010 kituo hichohicho kikatoa aina nyingine, Batian. Kwa hivyo jina la mji wetu limeandikwa kwenye vitalu vya watu wengi kuliko tunavyojua.

Sasa mniambie, ni lini mara ya mwisho mlikunywa kahawa Ruiru? Tunailima, tunaipeleka ng'ambo, tunakunywa chai. Nilimtafutia binamu yangu kikombe cha kahawa nikazunguka nusu saa. Nilikipata, kizuri, kwenye chumba kidogo karibu na steji kinachoendeshwa na vijana wawili wanaosaga wenyewe. Lakini nusu saa, katika mji wenye jina la kahawa! Kijana yeyote humu anayetafuta biashara na asiye na mtaji mkubwa, hilo nimemwachia.

Kutoka hapo tulirudi Juja kwa chakula cha mchana. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilianza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia, kwa msaada wa serikali ya Japani, na tangu hapo njaa ya wanafunzi imejenga uchumi mzima nyuma ya ua wake. Nendeni Gachororo saa saba mchana. Chapati zinapikwa mbele yako, ndengu, maharagwe, matumbo, managu yaliyotiwa maziwa, wali wenye nazi kidogo kwa wanaoupenda. Mwanafunzi hana pesa wala subira, kwa hivyo mpishi wa Gachororo hawezi kukudanganya. Akipika vibaya Jumatatu, Jumanne hana mteja. Mimi huko hula mukimo siku ambayo wameuponda kwa majani ya malenge na mahindi mabichi. Nyanya yangu angesema viazi vimezidi, lakini nyanya yangu alisema hivyo kuhusu kila mukimo ambao hakuuponda yeye.

Hapa lazima nitoe siri moja. Miaka michache iliyopita nilikula sahani ya maharagwe kwenye kibanda kimoja, sitasema wapi, nikalazwa siku mbili. Mama aliyenipikia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na debe moja la maji kwa siku nzima: la kunawia, la kuoshea sahani, la kupikia. Tangu siku hiyo nikifika kibandani siangalii chakula kwanza. Naangalia maji. Kama kuna mtungi wenye mfereji na sabuni, na sahani zinaoshwa kwa maji yanayomwagwa, naketi. Kama vyombo vinazamishwa kwenye beseni moja jeusi, nanunua ndizi mbili na kuendelea na safari yangu.

Na kwa nyinyi akina mama na vijana mnaopika: cheti cha afya cha mhudumu wa chakula hutolewa baada ya kupimwa, na upimaji unarudiwa kila baada ya miezi sita. Najua mnakiona kama njia ya kuwasumbua. Wengine mnakitoa tu mkisikia maafisa wa afya wako sokoni. Kiwekeni ukutani. Mimi mteja nikikiona naketi, na nikiketi naagiza na chai. Kama kuna afisa yeyote anayeomba chochote ambacho hakina risiti, huo si utaratibu wa kaunti, na ripoti yake ipelekwe kwa ofisi ya wadi hii ikiwa na tarehe na mahali.

Siku ya mwisho tulikwenda Thika.

Thika wanaiita Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda. Reli ilifika pale mwaka 1913, viwanda vikafuata, na ukishuka kwenye matatu unakutana na harufu ya mkate au ya mafuta ya kupikia kutegemea upepo unatoka upande gani. Mgeni akiambiwa "mji wa viwanda" haoni sababu ya kwenda. Lakini ni mji uliojengwa palipo na maporomoko mawili. Chania na Thika, mito miwili, inaanguka karibukaribu kabla ya kuungana, na katikati yake pana hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Unaagiza chai, unaketi chini ya miti, unasikia maji pande zote mbili. Sisemi ni bei rahisi. Ninachosema ni kwamba chai moja pale, ukiinywa polepole, ni nafuu kuliko nauli yenu ya Nairobi kwenda na kurudi, na watoto wanaona maporomoko mawili.

Mwandishi Elspeth Huxley aliletwa maeneo hayo akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1959 akachapisha kitabu chake kuhusu miti ya Thika yenye maua ya rangi ya moto. Kwa sababu ya kitabu hicho, watu wa Uingereza ambao hawajawahi kukanyaga Afrika wanalijua jina la Thika. Ni kitabu cha mtoto wa walowezi, na kinaona alichoona mtoto wa walowezi. Mimi nilipokuwa chuoni nilikisoma nikakasirika, kisha nikajiuliza ni nani kati yetu ameandika kuhusu Thika ya Makongeni, ya zamu ya usiku kiwandani, ya soko la Madaraka saa kumi alfajiri malori ya nyanya yakishusha. Hasira yangu ikapungua, ikahamia kwangu mwenyewe.

Kutoka Blue Posts tulienda bustani ya Mugumo. Wazee waliopo hapa wanaijua hadithi kunizidi. Mtabiri wa Wakikuyu, Mugo wa Kibiru, alisema kwamba mti wa mugumo uliokuwa Thika ungeanguka siku utawala wa wageni utakapokwisha. Husimuliwa kwamba wakoloni walipolisikia hilo waliuzungushia mti ule uzio wa chuma na kuuimarisha usianguke. Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukapasuka na kuanguka, na Desemba mwaka huohuo bendera ya Uingereza ikateremshwa. Mtoto wa binamu yangu alitaka kujua uzio ule uko wapi sasa. Akataka kujua nani anaukumbuka mti wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisoma gazeti, mtu tusiyemfahamu kabisa, alilikunja gazeti akatueleza kwa dakika arobaini. Hakuna kibao popote chenye maelezo kama aliyotupa mzee yule, na mimi nina kalamu na kinasa sauti cha serikali na sikuwa nimewahi kumhoji mtu wa aina yake. Kazi hiyo nimeianza. Yeyote mwenye mzee nyumbani anayeukumbuka mti ule, au anayeikumbuka Thika kabla ya uhuru, naomba aniletee jina lake tukimaliza hapa.

Mchana tulikula kwenye bucha moja karibu na soko. Kilo moja ya mbuzi, ugali, kachumbari. Unachagua nyama mwenyewe ikiwa imening'inia, inapimwa mbele yako, unaketi saa nzima ukisubiri. Mgeni wa mjini huona saa hiyo ni kupoteza wakati. Sisi tunajua ndiyo saa ambayo mambo ya ukoo huzungumzwa. Ni pale, tukisubiri nyama, binamu yangu aliponiambia kwamba biashara yake ilikuwa imefungwa tangu Agosti na kwamba hawakuja huku kutembea tu. Kwenye lile jumba la maduka Nairobi, kelele zile zote, asingeniambia.

Halafu tukashika barabara ya Garissa.

Hapo mnaona mananasi kutoka kando ya lami hadi macho yanapoishia, na wauzaji wenye mikokoteni wanakukatia nanasi kwenye mfuko. Ukienda mbele, chini ya kilomita 30 kutoka Thika, ukakata kuelekea Donyo Sabuk, unafika Fourteen Falls. Mto Athi unapanuka, unagawanyika mikondo kumi na minne juu ya mwamba, na yote inaanguka bega kwa bega. Wakati wa mvua haihesabiki, ni ukuta mmoja wa maji. Ng'ambo ni kwa majirani zetu wa Machakos, ambako mlima wa Kilimambogo umesimama, mlima wa mbogo kama jina linavyosema, na mbogo wapo kweli. Ndiyo maana ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967 na hampandi kwa miguu bila askari wa wanyamapori.

Nyinyi wa Juja mna sababu yenu ya kuupanda mlima ule. Mzungu mmoja Mmarekani, William Northrup McMillan, ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la Juja. Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa mgeni wake hapahapa kwenu, akawinda, na akaandika sura nzima kuhusu Juja katika kitabu chake. McMillan alifariki mwaka 1925. Alitaka azikwe kwenye kilele cha Kilimambogo, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa na mlima, wakamzika njiani. Kaburi liko hapo hadi leo. Kilele kilimshinda hata maiti yake, na watoto wa Juja huenda pale kwa safari ya shule ndani ya siku moja.

Nirudi kwenye maporomoko, kwa sababu nilisema kuna jambo linalonikosesha usingizi.

Tulipofika, watoto walikimbia mbele. Waliposimama juu ya mwamba, yule mdogo akaziba pua. Maji yalikuwa na povu, povu zito la kijivu, na kwenye matawi yaliyoinama mtoni zilikuwa zimening'inia chupa za plastiki, nepi, na viatu. Binamu yangu hakusema kitu. Ni mtu mstaarabu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nilitaka kusema, "Hiyo ni takataka ya Nairobi." Na ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mto Nairobi unaingia Athi kabla ya Fourteen Falls, umebeba kila kitu ambacho mji mkuu umeutupia. Lakini mto Ruiru nao unaishia hukohuko. Mto Theta huu tuliopewa jina lake, pamoja na Ndarugu, maji yake huishia Athi. Na Athi haukomei pale. Unaitwa Galana huko Tsavo, unaitwa Sabaki ukikaribia pwani, unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Niliwaza: karatasi ya mkate niliyoitupa darajani Ruiru nikiwa mwanafunzi, pengine ilitangulia kufika pwani kabla yangu. Chania na Thika ndiyo huenda njia nyingine, kwa Tana. Kwa hivyo wadi hii iko juu ya mto uleule wenye maporomoko ambayo nilitaka kuwaonyesha wageni kama fahari yetu.

Wapo vijana pale Fourteen Falls wanaoishi kwa mto huo. Wanavusha wageni kwa mashua, wanawaongoza juu ya miamba, wengine wanajirusha kutoka juu ya maporomoko kwa malipo kidogo ya watazamaji. Kijana aliyetuvusha alituambia kwamba siku ya povu wageni hugeuza gari getini. Hiyo ni siku asiyokula. Mimi huwa naandika taarifa za mazingira, "uchafuzi wa vyanzo vya maji", na sijawahi kuandika kwamba kuna mtu anakosa chakula cha jioni kwa sababu ya mfuko uliotupwa Ruiru.

Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti utalii wa ndani, masoko, bustani na maeneo ya burudani, leseni za wauza chakula, na uzoaji taka. Yote hayo ni ya kwetu, ofisi yangu ikiwemo. Sitasimama hapa niwaambie taka zinazolewa ipasavyo kila mtaa, kwa sababu nimepita kwa miguu kuja hapa na nimeona rundo lile la kona. Nimelipiga picha. Mkurugenzi anayehusika ataiona leo jioni, na katika toleo lijalo tutaandika limeondolewa lini au kwa nini halijaondolewa. Lakini pia niliona mtu akishusha mfuko wake pale akaendelea na safari ya kanisani, na nilimtambua, na yumo humu ndani. Msigeuke kutazamana.

Na tahadhari moja kwa wazazi. Watu wamekufa maji Fourteen Falls, na wengi wa wanaokufa hapo ni vijana waliokwenda kujifurahisha. Mwamba unateleza kama sabuni na mkondo chini yake una nguvu kuliko unavyoonekana. Vaeni jaketi la kuokolea mkipanda mashua, msiruhusu mtoto aende ukingoni kupiga picha, na msiogelee hata mkiona wenyeji wanaruka. Wao wameujua mto ule tangu utotoni, na hata hao umewachukua baadhi yao.

Nimalizie na yule mama wa githeri, maana dada mmoja alinitajia habari zake nilipokuwa naingia.

Nilipokuwa shule ya msingi, kulikuwa na mama aliyeuza githeri kando ya barabara hii ya Thika, kabla haijapanuliwa. Sufuria kubwa, kijiko cha mbao, parachichi lililokatwa nusu juu ya sahani. Matatu zilikuwa zikisimama palepale mbele yake, abiria anashuka, anakula, anaendelea. Barabara ikapanuliwa ikawa na leni hadi nane, Rais Kibaki akaizindua mwaka 2012, na mimi nikiwa kijana nilishangilia kama kila mtu, kwa sababu safari ya Nairobi ilikuwa imekula maisha yetu. Bado nashangilia. Lakini steji zilihamishwa, daraja la waenda kwa miguu likajengwa mbali na pale, na magari yakaanza kupita kwa kasi ambayo hakuna anayeona sufuria. Mama alihama mara mbili. Nilidhani ameacha.

Hajaacha. Yuko nyuma ya maduka, ndani kidogo, na binti yake ndiye anayepika sasa, mama anaketi kando akihesabu pesa na kusahihisha chumvi. Nilimpeleka binamu yangu pale asubuhi waliyoondoka, kabla ya basi. Mama alinitazama muda mrefu, akasema, "Wewe si ndiye ulikuwa unataka parachichi bila kulipia?" Nikalipa. Nililipa na deni la zamani, alilitaja kwa shilingi na senti, na sikuthubutu kubishana.

Binamu yangu ananiuliza kila wiki kwa simu kama amepona goti. Amesema akirudi mwezi wa nane hataki kuonyeshwa kitu kingine kabla ya githeri ile, na kwamba ana mpango wa kutafuta kibanda cha kukodi Ruiru, cha kahawa.

Sasa naona mikono imeinuliwa. Mama wa kitambaa cha kijani, wewe kwanza. Kama swali ni kibanda chake kiko wapi hasa, nitakuonyesha mwenyewe tukitoka, lakini kwa kipaza sauti sisemi, kwa sababu saa sita mchana foleni yake tayari inafika barabarani na mimi bado sijala.